Jicho jekundu lipimwe kabla ya kutiwa dawa

Katika vijiji vya Iyolwa, huko Budama Magharibi katika wilaya ya Tororo, jicho likianza kuwasha na kuwa jekundu watu wengi hulihesabu kuwa jambo dogo. Mmoja husema ni vumbi la barabara. Mwingine husema ni moshi wa kuni, au ni jani la mtama lililomchoma mtu wakati wa kupalilia. Mwenye jicho hungoja siku mbili tatu. Lisipopona huoshwa kwa maji ya chumvi, na lisipopona bado, ndugu anayekwenda sokoni Busia au Malaba huombwa alete chupa ndogo ya dawa ya matone. Chupa hiyo hununuliwa dukani pasipo cheti cha daktari, na mara nyingi anayeiuza hajaliona hilo jicho hata kwa mbali.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa za macho ni za namna nyingi, na chupa zake hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Ziko zinazoua bakteria, ziko za kutuliza mwasho, na ziko zenye steroidi, kama vile deksamethasoni na prednisoloni. Hizi za mwisho huondoa wekundu na maumivu kwa upesi wa kustaajabisha, nazo zina kazi kubwa zikiwa mikononi mwa mganga wa macho. Lakini zikitiwa peke yake katika jicho lenye kidonda cha virusi vya tutuko, huwa ni sawa na kuwaondoa walinzi langoni wakati adui amekwisha kuingia uani. Kinga ya mwili hulala, virusi huzaana bila kizuizi, na kidonda kilichokuwa chembamba kama uzi hupanuka kikawa na umbo la ramani. Mgonjwa hufurahi kwa siku mbili kwamba dawa ni nzuri. Baadaye ndipo anapotambua ya kuwa haoni sawasawa. Zinazodanganya kupita zote ni zile zilizochanganya dawa ya bakteria na steroidi katika chupa moja, maana muuzaji huzisifu kuwa zinatibu kila kitu.

Tutuko ni ugonjwa unaojulikana na karibu kila mtu, ingawa wengi hawaujui kwa jina hilo. Ni vile vilengelenge vidogo vinavyotokea kandokando ya mdomo mtu akiwa na homa, vikapasuka, vikafanya gaga, kisha vikapotea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50, yaani 64 katika kila 100, wanavyo virusi vya tutuko vya aina ya kwanza. Wengi huvipata wangali watoto, kwa mate ya shangazi aliyewabusu au kwa kikombe walichochangia, na wala hawakumbuki kuwa waliumwa.

Virusi hivyo havitoki tena mwilini. Hupanda kwa njia ya mshipa wa fahamu wa uso hadi kwenye fundo lake lililo ndani ya fuvu, na huko hulala kimya kwa miaka mingi, kama askari ndani ya handaki. Mshipa huo una matawi matatu: la kwanza huenda kwenye jicho na paji la uso, la pili kwenye shavu na taya la juu, la tatu kwenye taya la chini. Virusi vikiamshwa na homa kali, na jua, na kuumia, au na udhaifu wowote wa kinga ya mwili, huteremka. Vikishika matawi ya chini, mtu huota vidonda mdomoni. Vikishika tawi la juu, jicho ndilo linaloumia.

Mahali panaposhambuliwa zaidi ni konea, yaani kile kioo kiangavu kilicho mbele ya mboni. Kioo hicho hakina mishipa ya damu, na mwanga wote unaoingia jichoni hauna budi kupita hapo. Kovu dogo likikaa katikati yake, mtu huona ulimwengu kama kwa dirisha lililopakwa maziwa. Kwa askari jambo hili si la nyumbani tu. Mwenye kulenga shabaha, mwenye kuendesha gari la kikosi usiku, mwenye kusoma namba za malori kizuizini, kazi yao yote imo katika kioo hicho ambacho unene wake ni kiasi cha nusu milimita.

Basi mganga hujuaje ya kuwa jicho hili lina tutuko na lile lina vumbi? Kwa bahati njema, kipimo kilicho muhimu kuliko vyote si cha gharama kubwa. Huanza kwa maswali.

“Afande, ni jicho moja au yote mawili? Lilianza lini? Uliwahi kupata hali kama hii zamani? Ulikuwa na homa siku zilizopita? Umetia dawa gani?”

Swali la mwisho ndilo linaloonewa haya, kwa sababu si kila mtu yu tayari kutaja majani aliyokamuliwa na jirani. Wala jambo hili si la Budama peke yake. Utafiti uliofanywa na Dakta Simon Arunga na wenzake huko Mbarara, kusini magharibi ya Uganda, katika wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha kutumia dawa za kienyeji kwa jicho hilo. Vingi vya vidonda hivyo vilikuwa vya ukungu, yaani kuvu, ambayo mara nyingi huingia jicho likichomwa na jani au kijiti shambani. Kidonda cha kuvu, cha bakteria na cha tutuko vyote huleta jicho jekundu, maumivu na machozi. Lakini dawa ya kimoja haitibu kingine, na mgonjwa hawezi kuvitofautisha kwa kujitazama kwenye kioo.

Baada ya maswali hupimwa nguvu ya kuona, jicho moja moja, huku jingine limefunikwa kwa kiganja. Asiyejua kusoma hupewa ubao wenye herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa vidole upande inakoelekea miguu ya herufi. Watu wengi hustaajabu hapo, kwani kumbe jicho lao moja lilikuwa limepotea zamani na hawakujua, maana lile zima lilikuwa likilibeba.

Kisha huja kipimo ambacho kwa kukitazama mtu angedhani ni mchezo. Mganga husokota ncha ya pamba mpaka iwe nyembamba kama unywele, akaigusisha taratibu kwenye konea akitokea ubavuni, ili mgonjwa asiione ikija. Jicho zima hupepesa papo hapo. Jicho lililowahi kushambuliwa na tutuko mara nyingi halisikii vizuri, hupepesa kwa uvivu au halipepesi kabisa, kwa sababu virusi vimeharibu nyuzi za fahamu. Kipimo hiki hufanywa kwa macho yote mawili ili kulinganisha, na ni lazima kifanywe kabla ya kutia matone ya ganzi. Ganzi ikitangulia, pamba haitasema lolote. Ni kipande cha pamba tu, lakini mganga mzoefu hukithamini.

Tena huletwa rangi. Ni kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, iitwayo fluoresini. Rangi hiyo ilitengenezwa kwanza mwaka 1871 na Adolf von Baeyer, mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, naye hakuwa akifikiria macho hata kidogo. Kikaratasi hulowanishwa kwa tone la maji safi na kugusishwa ndani ya ukope wa chini. Mgonjwa hupepesa, rangi huenea, kisha taa ya chumba huzimwa na jicho humulikwa kwa mwanga wa buluu. Mahali penye ngozi nzima ya konea rangi huteleza ikapita. Mahali palipochubuka hushika, ikang'aa kijani kibichi.

Jicho likiwa na tutuko, mara nyingi kinachoonekana ni mti. Ni mstari mwembamba wenye matawi, kama mti uliopukutika majani wakati wa kiangazi, na kila tawi limeishia kwenye kinundu kidogo cha mviringo. Umbo hili likionekana wazi, mganga wa macho hahitaji kungoja jibu la maabara. Huanza matibabu siku hiyo hiyo. Mchubuko wa mchanga hauna matawi. Kidonda cha kuvu kingo zake huwa kama manyoya. Cha bakteria huwa na doa jeupe, na mara nyingine usaha hutuama chini ndani ya jicho. Mti wa mkanda wa jeshi, ambao habari zake zitafuata, hufanana na wa tutuko, ila matawi yake ni manene, yameinuka, hayana vinundu mwishoni, na rangi huyashika kwa udhaifu.

Hospitalini mti huo hutazamwa kwa darubini ya mezani yenye mwanga mwembamba kama ukingo wa kisu, chombo kilichotokana na taa aliyoitengeneza Allvar Gullstrand wa Sweden mwaka 1911. Lakini penye uhaba, tochi yenye kichujio cha buluu na kioo cha kukuzia vinatosha kuuona mti ulio mkubwa. Tofauti kubwa kati ya kituo kimoja na kingine haiko katika mashine. Iko katika kuwapo au kutokuwapo kwa mtu aliyefundishwa kutazama, na kikaratasi cha rangi ambacho hakijaisha stoo.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba rangi hufichua kila kitu. Tutuko likishuka ndani zaidi, konea huvimba kama sahani yenye ukungu na ngozi ya juu ikawa nzima, rangi isishike popote. Mara nyingine virusi huamsha uvimbe katika sehemu ile yenye rangi inayoizunguka mboni, na presha ya jicho ikapanda. Ndiyo sababu mganga hupima presha, na ndiyo sababu mgonjwa aliyewahi kutibiwa tutuko miaka iliyopita yampasa kulitaja hata kama safari hii jicho halina kidonda. Katika hali hizi za ndani steroidi zenyewe huweza kuhitajika, kwa kipimo kidogo na pamoja na dawa ya virusi. Uamuzi huo ni wa mtaalamu, akiwa ameliona jicho kwa darubini.

Neno moja kuhusu matone ya ganzi. Mtu akitiwa ganzi na kupata nafuu ya ghafula, huomba apewe chupa aende nayo nyumbani. Asipewe. Ganzi ikitumiwa kila siku huiozesha konea, nayo huzuia kidonda kufunga.

Wasomaji wengi watauliza, kwa nini isipimwe damu? Wamezoea kipimo cha damu cha malaria na cha Ukimwi, wakaona kwamba damu haidanganyi. Kwa tutuko la jicho, kipimo cha damu hakina faida kubwa. Kinachotafutwa ndani ya damu ni alama za kinga zinazoonyesha ya kuwa mtu aliwahi kuingiwa na virusi, na watu wazima wengi wanazo. Kumwambia askari kwamba damu yake ina alama za tutuko ni karibu sawa na kumwambia kwamba amewahi kuvaa buti. Haisemi lolote juu ya jicho lake la leo. Labda jibu likiwa kwamba hana alama hizo kabisa, hapo daktari hupata sababu ya kutafuta ugonjwa mwingine.

Kipimo cha maabara chenye nguvu ni kile cha kukwangua kidogo ukingo wa kidonda, jicho likiwa na ganzi, au kuchukua machozi kwa kijiti cha pamba, kisha kutafuta mbegu za virusi vyenyewe. Zamani virusi vilioteshwa katika chembe hai, kazi iliyochukua siku nyingi. Au chembe zilipakwa rangi na kutazamwa kwa darubini, zikaonekana zile kubwa zenye viini vingi, ambazo haziwezi kusema kama ni tutuko au ni mkanda wa jeshi. Tangu Kary Mullis wa Marekani abuni njia ya PCR mwaka 1983, mabaki machache sana ya virusi huweza kuzidishwa mara nyingi mpaka yaonekane. Jina la kipimo hiki lilizoeleka hata vijijini wakati wa UVIKO-19, madereva wa malori walipopangwa foleni Malaba na Busia wakipimwa puani. Uganda ina chuo cha utafiti wa virusi huko Entebbe kilichoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Lakini kwa mgonjwa wa jicho wa kila siku PCR haihitajiwi. Huhitajiwa kidonda kisipofanana na kitabu, au kinapokataa kupona, au ugonjwa ukiwa ndani ya jicho ambako hakuna cha kukwangua. Na jibu la kuwa hakuna virusi halifuti shaka yote, kwa kuwa sampuli ndogo huweza kuvikosa.

Kambini iko sababu nyingine ya kupima. Mwanzoni mwa mwaka 2024 maradhi ya macho mekundu yalienea Dar es Salaam, kisha Mombasa, na kufikia Machi yakawa yameingia Uganda, hasa magerezani na shuleni. Yale yalikuwa ya virusi vya jamii nyingine, vinavyoambukiza haraka kwa mikono na mataulo; yalishika macho yote mawili, yalileta matongo, na kwa wengi yalipona yenyewe baada ya siku chache. Kila wakati wa maradhi kama hayo watu huambiwa watulie nyumbani, na ushauri huo ni wa haki. Lakini yule mmoja ambaye jicho lake moja tu linauma, linaogopa mwanga, na kuona kwake kumepungua, hayumo katika hesabu ya wale wengine, hata kama bweni zima lina macho mekundu.

Sasa mkanda wa jeshi. Jina hili Waswahili walilipa maradhi kwa sababu vilengelenge vyake huzunguka kiuno au kifua upande mmoja kama mkanda wa risasi. Nao Waganda huuita kisipi, neno la maana hiyo hiyo. Virusi vyake ni binamu wa tutuko, ndivyo vile vinavyoleta tetekuwanga utotoni. Navyo hulala katika mishipa ya fahamu, na kinga ikilegea huamka. Vikiamka katika tawi la jicho, mtu kwanza huumwa paji la uso kwa maumivu ya kuungua, siku moja au mbili kabla ya upele wowote. Wengine hudhani ni kichwa tu wakanywa vidonge. Kisha vilengelenge hutoka nusu ya paji na ukope, vikasimama katikati ya uso kana kwamba vimechorewa mpaka.

Hapa kiko kipimo kisichohitaji chombo. Tawi linalokwenda ndani ya jicho ndilo linalokwenda pia kwenye ncha ya pua. Jonathan Hutchinson, daktari mpasuaji wa London katika karne ya 19, aliona ya kwamba vilengelenge vikitokea ubavuni au kwenye ncha ya pua, jicho karibu kila mara litadhurika. Mke akiona hivyo kwa mumewe, au sajini kwa kijana wake, asingoje jicho liwe jekundu. Vidonge vya asaiklovia, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7 hadi 10, hufaa zaidi vikianza ndani ya saa 72 tangu upele kutokea.

Katika nchi zenye baridi mkanda wa jeshi huonekana zaidi kwa wazee. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, tangu miaka ya 1980, ulianza kuonekana kwa vijana wenye nguvu. Mwaka 1987 madaktari wa Kigali, Rwanda, waliandika kwamba mkanda mkali wa jicho kwa kijana ni ishara ya kuwa ana virusi vya Ukimwi. Ndiyo maana leo kijana mwenye mkanda wa jicho hushauriwa kupimwa damu siku hiyo hiyo, wala si kwa kumtuhumu. Majeshi ya Uganda yanajua thamani ya kipimo hicho kuliko wengi. Rais Museveni mwenyewe amesimulia jinsi Fidel Castro alivyomwambia mjini Harare, mwaka 1986, kwamba kati ya askari 60 waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Habari hiyo iliamsha serikali. Mwaka uliofuata, 1987, shirika la TASO lilianzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake, nalo lina kituo mjini Tororo. Aliyeanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi naye ajue kwamba mkanda huweza kutokea katika miezi ya kwanza ya dawa, kinga inapoamka. Asiziache.

Na yule ambaye kinga yake imeshuka mno huweza kushikwa na virusi vingine vya ukoo huo huo, viitwavyo sitomegalo, ambavyo hula pazia la nyuma ya jicho bila maumivu wala wekundu. Mgonjwa huona madoa yakielea, au kivuli pembeni. Rangi ya fluoresini ya kutia kwa kikaratasi haisaidii hapo. Mboni hupanuliwa kwa matone, na nyuma ya jicho hutazamwa kwa taa.

Kwa watoto wa Budama ziko njia mbili ambazo tutuko hupitia. Ya kwanza ni malaria. Nagongera, iliyo katika Budama hiyo hiyo, ilijulikana ulimwenguni kote kwa wingi wa mbu: watafiti waliopima mwaka 2011 na 2012 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye malaria mara 310 kwa mwaka. Kupulizia dawa majumbani kulianza mwishoni mwa mwaka 2014 na malaria ikapungua sana, ingawa imepata kurudi tena. Madaktari David Yorston na Allen Foster walieleza mwaka 1992, kutokana na wagonjwa wa Tanzania, uhusiano wa malaria na tutuko la konea. Homa huamsha virusi. Mtoto anatibiwa malaria, homa inashuka, na mama anaona jicho la mtoto halifunguki mbele ya mwanga. Ya pili ni surua, ambayo hupunguza kinga pamoja na vitamini A. Hapo macho yote mawili huweza kushikwa mara moja, jambo ambalo kwa mtu mzima ni nadra. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A, ambayo watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kila miezi sita, ni ulinzi wa macho kama ulivyo wa mwili. Mama mwenye vidonda mdomoni asimbusu mtoto mchanga, na anawe mikono kabla ya kumshika, maana kwa mtoto wa siku chache tutuko huweza kuua.

Ukoo huu wa virusi una deni kubwa kwa Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao mara nyingine husukuma jicho likatoka nje. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 wakiuliza hospitali baada ya hospitali, na wakaona kwamba uvimbe huo hufuata nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria. Vipande vyake vilipelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vipya vya ukoo wa tutuko, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Basi mtoto ambaye jicho lake linachomoza siku hadi siku, hata bila wekundu, apelekwe hospitali upesi. Uvimbe huo hukua kwa siku, nao hutibika kwa dawa ukiwahiwa.

Tutuko la konea likithibitishwa, dawa yake ni marhamu ya asaiklovia ya asilimia 3, hutiwa mara tano kwa siku, au vidonge. Wazee wa zamani hawakuwa na chochote; dawa ya kwanza ya matone dhidi ya virusi hivi ilionyeshwa na Herbert Kaufman wa Marekani mwaka 1962, na kwa kazi iliyozaa asaiklovia, Gertrude Elion alipewa sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kwa yule anayerudiwa mara kwa mara, utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1998, katika wagonjwa 703, ulionyesha kwamba vidonge vya miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima vilipunguza kurudi kwa ugonjwa kutoka 32 hadi 19 katika kila 100. Si ponyo kamili, lakini jicho linalokingwa kovu moja zaidi huenda ndilo litakaloendelea kusoma.

Mtu wa Iyolwa huanzia kituo cha afya kilicho karibu naye. Kisipokuwa na mganga wa macho, aombe barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Tororo, au Hospitali ya Macho ya Wabenedikto iliyo mjini humo humo. Yaliyo makubwa hupelekwa Mbale. Walio ng'ambo ya mpaka wana hospitali ya kaunti huko Busia, na Hospitali ya Macho ya Sabatia katika Vihiga. Waganga wa macho wengi wa vituo vya Uganda wamefundishwa katika shule ya Jinja, nao huujua ule mti wa kijani. Askari wa kambi ya Rubongi na polisi wa mpakani waanzie kwa tabibu wa kikosi, wakadai barua siku hiyo hiyo ikiwa jicho ni moja, linauma, na kuona kumepungua. Nauli ya bodaboda, biashara iliyozaliwa hapo hapo Busia, ni ndogo kuliko bei ya chupa tatu zilizonunuliwa kwa kubahatisha.

Mgonjwa hurudi baada ya siku chache kupimwa tena kwa rangi ile ile. Mganga hutazama kama matawi yamefupika. Rangi isiposhika popote, ngozi imefunga, na dawa huendelea siku chache kisha ikasimamishwa, kwa kuwa marhamu ikizidi nayo hukera konea. Chupa za zamani zilizokwisha kutumiwa nyumbani, pamoja na majani kama yalikuwapo, zichukuliwe katika safari ile ya kwanza na kuwekwa mezani mbele ya mganga, hata ikiwa lebo imefutika nusu.